Nyinyi Mnaondoka Lini?

Mtu akitaka kununua kitu kilichotumika hapa Base Camp, haulizi kwanza kina miaka mingapi. Anauliza: "Nyinyi mnaondoka lini?" Ukimwambia wiki ijayo, anashusha bei. Ukimwambia hauondoki, anapumua kidogo, ndipo anaanza kugusa kitu chenyewe. Kwa miaka mingi mimi nilifikiri swali hilo ni la kupima haraka ya muuzaji tu, maana mwenye safari hana muda wa kubishana. Trekta yetu ndogo ndiyo ilinionyesha kwamba swali lina mzizi mwingine.

Sisi tulikuwa vijana sita. Mimi kazi yangu ni kuhudumia vijana: mpira, masomo ya jioni, na kazi za mikono kwa wale walioacha shule mapema. Mwaka 2023, WFP ilipogawa wakimbizi wa Uganda kwa makundi, familia nyingi hapa zikabaki na msaada mdogo, nyingine zikabaki bila kitu. Tukaona jembe peke yake halitutoshi. Tukachanga, mmoja akauza mbuzi wake, tukanunua trekta ya mkono, ile ya magurudumu mawili ambayo unatembea nyuma yake umeshika mikono kama ya baiskeli. Injini ni ya Kichina, silinda moja iliyolala, nguvu za farasi 12. Inapozwa na maji yaliyo kwenye tangi juu yake. Maji yanachemka, mvuke unatoka, na wewe unaongeza mengine. Ukisahau kuongeza, ni shida.

Tulilipa 1,400,000. Muuzaji alikuwa baba mmoja wa heshima aliyepata safari ya nchi ya tatu. Trekta ilikuwa na rangi ya kijani, mpya, inang'aa. Akatuambia: "Ninyi ni watoto wangu, nawaachia kama urithi." Baada ya siku kumi akapanda basi na familia yake. Tulienda kuwaaga, tukaimba.

Mwezi wa pili 2024, wiki ya tatu tangu tuanze kulima, injini ikaanza kutoa moshi mweupe na kukosa nguvu. Tukafungua bolti ya chini kumwaga oili. Haikutoka oili, ilitoka kitu kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia ndani. Tukafungua kichwa cha silinda: gasketi imeungua. Tulipokwangua ile rangi nzuri ya kijani, tukaona ubavuni mwa kichwa ufa mrefu kama kidole, umejazwa gundi ya chuma.

Fundi alitueleza ufa kama huo unavyokuja. Mtu anaacha tangi likauke, injini inakuwa moto sana, halafu kwa hofu anamwaga maji ya baridi. Kichwa hicho ni chuma kilichoyeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu. Ni kigumu, lakini hakipendi kushtuliwa, kinapasuka. Hilo ni kosa la mtu aliyechoka jua kali shambani. Lingeweza kunipata mimi, na siwezi kumhukumu mtu kwa hilo. Lakini gundi na rangi si kosa la kuchoka. Mtu alienda dukani, akanunua gundi, akaichanganya, akaijaza kwenye ufa, akasubiri ikauke, akapiga msasa, akapaka rangi, akasubiri tena. Alikuwa na muda wa kufikiri mara sita.

Na gundi ile haikuharibu kichwa tu. Ilipolegea kwa joto, maji yakatoka, injini ikazidi kuwa moto, gasketi ikaungua, maji yakaingia kwenye oili, oili ikashindwa kulainisha, na silinda yenyewe ikachubuka. Kama tungejua tangu mwanzo, tungebadilisha kichwa tu. Kwa sababu hatukujua, tukapoteza na silinda.

Tulikaa miezi mitano tukitafuta pesa. Kila mmoja akatoa 40,000, na 100,000 ikatoka kwa mahindi. Jumla 340,000. Injini nzima ina uzito wa watu wawili, kwa hiyo hatukuibeba. Tuliweka kichwa na pistoni kwenye gunia, katibu wetu na mimi tukaenda Mbarara.

Kule tulipata mzee mmoja fundi, Mnyankole, anayeuza spea zilizotolewa kwenye injini zilizokufa. Tukamwonyesha ufa, tukamuuliza kama unaweza kuchomelewa. Akasema kuchomelea chuma cha namna ile kunataka ufundi na vijiti vya bei, na ukikosea kinapasuka pembeni ya pale ulipochoma. Akatutolea kichwa kingine, kizee, cheusi kwa oili, 200,000. Kabla hatujalipa akakigeuza, akatuonyesha tundu moja la bolti ambalo uzi wake umelika kidogo. "Hii msikaze sana," akasema. Hatukuwa tumemuuliza. Tungelipa hata bila kujua.

Hesabu yetu ilikuwa hivi: kichwa 200,000, gasketi 20,000, ringi za pistoni 40,000, oili lita tatu 45,000, dawa ya kusagia valvu 8,000, nauli na chakula cha watu wawili 45,000. Jumla 358,000. Tukarudi na deni la 18,000.

Kitu kimoja hatukukinunua. Silinda mpya na pistoni yake ilikuwa 190,000. Mzee wa Mbarara alikuwa ametuambia wazi: "Weka ringi mpya, itatembea. Itakula oili, lakini itatembea. Msimu mmoja, labda miwili. Halafu mtarudi kwangu."

Kazi ya kufunga tuliifanya hapa, na vijana wa mafunzo wakishika spana. Walisaga valvu mpaka zikakaa vizuri, wakasafisha nozeli kwa dizeli. Kijana mmoja wa miaka 15 ndiye aliyepima silinda. Unachukua ringi moja peke yake, unaiingiza ndani ya silinda, unaangalia nafasi inayobaki kati ya ncha zake mbili. Inatakiwa iwe ndogo sana. Yeye aliingiza wembe wa msumeno wa chuma kwenye ile nafasi, wembe ukapita ukicheza. Akaniangalia. "Mukubwa, hii imekwisha kulika." Nikamwambia, ndiyo, lakini hatuna makuta. Akachukua ringi moja ya zamani, akaivaa mkononi kama bangili.

Injini ikawaka. Tukashangilia.

Sasa hapa ndipo maneno yanaanza. Katibu wetu alikuwa amepewa tarehe ya kusafiri. Yeye na mimi tulifika Nakivale kwa gari moja, tumelala hema moja. Alitaka sehemu yake ya trekta, na haki ilikuwa yake. Lakini hakuitaka kwa ajili yake. Ana bibi yake, mama ya mama yake, aliyefika kambini baadaye, na jina la bibi halimo kwenye faili yake. Bibi anabaki. Ana presha, anakunywa dawa kila siku. Katibu alitaka amwachie pesa. Sisi wengine hatukuwa na pesa ya kununua sehemu yake, kwa hiyo tukakubaliana: tuuze, tugawane. Tukitoa kwa 1,500,000, kila mmoja anapata 250,000.

Mwezi wa nane, kabla ya mvua, akaja mama mmoja Mrundi kutoka Kabazana. Alitumwa na kikundi chao cha akiba. Pesa alikuwa amezifunga ndani ya kitenge. Injini ikawaka vizuri. Akauliza lile swali: "Nyinyi mnaondoka lini?" Nikamjibu kwamba mmoja wetu anaondoka, wengine tupo. Akauliza tena: "Na ndani mmetengeneza yote?"

Katibu akasema: "Yote, mama. Kichwa kipya, ringi mpya."

Kichwa hakikuwa kipya. Ringi zilikuwa mpya kweli. Na silinda haikutajwa. Mimi nilinyamaza. Nataka nikiri hili bila kulipamba: nilinyamaza, na ndani yangu nilikuwa nimekwisha kugawanya 1,500,000 kwa sita. Halafu nikageuka, nikamwona yule kijana amesimama karibu na gurudumu, ringi ya zamani mkononi. Hakusema kitu. Alikuwa ananiangalia tu, akingoja kuona kazi hii inafanywaje.

Nikasema: "Mama, silinda imelika. Itakula oili. Baada ya msimu mmoja ama miwili mtahitaji nyingine, ni 190,000 pale Mbarara, na kazi ya fundi."

Mama akakaa kimya. Akanishukuru. Akafunga kitenge chake, akasema anaenda kuongea na wenzake. Hakurudi. Mpaka leo hajarudi.

Usiku ule katibu alinijia. Sitasema yote aliyosema. Alisema: "Yule mzee aliyetudanganya yuko kule anakula mkate, hakuna mtu anamuuliza. Wewe unataka kuwa padri kwa makuta ya bibi yangu." Alisema pia: "Mnunuzi ana macho. Angekuja na fundi wake." Wiki mbili baadaye akapanda basi. Sikulala vizuri kwa muda mrefu.

Nimeandika makala haya kwa sababu sikuweza kumjibu usiku ule, na hoja zake si za kijinga.

Pale sekondari, Uvira, mwalimu wetu wa falsafa alitusimulia hadithi iliyo kwenye kitabu cha Plato, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Mchungaji mmoja anapata pete. Akiigeuza kidoleni, haonekani tena. Basi akaingia ikulu, akamchukua mke wa mfalme, akamuua mfalme, akatawala yeye. Swali la hadithi ni hili: ukiwa na pete hiyo, ukajua hakuna atakayekukamata, utabaki mtu wa haki kwa sababu gani? Darasani tulicheka, tukaona ni hadithi ya watoto. Hapa Base Camp nimeiona pete kwa macho. Ni ile tarehe ya kusafiri. Ukishaipata, hakuna anayeweza kukufuata. Mwenyekiti wa kijiji hatakuita, jirani hatakusema kanisani, mtoto wako hatatukanwa shuleni. Mambo yote yanayowafanya watu wawe waaminifu kijijini yanakwisha siku unapopanda basi.

Wengine wanajibu kwamba pete inaweza kutoka kidoleni. Ni kweli. Mwezi wa kwanza 2025 Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wanangoja ndege wakabaki walipokuwa. Mtu aliyeuza kitu kibovu akijua anaondoka, anaweza kukutana na mnunuzi kisimani. Lakini mimi sipendi jibu hilo. Linasema tu: kuwa mwaminifu, usije ukakamatwa. Halimjibu yule ambaye ndege yake iliruka.

Hoja ya kwanza ya katibu ilikuwa umaskini: hatuna pesa, tufanye nini? Nimeifikiria sana, nikaona kwamba neno "hatuna pesa" hapa kwetu linabeba mizigo miwili, na tunaichanganya. Mzigo wa kwanza ni wa kweli. Bila 190,000 hupati silinda, hata ukiomba usiku kucha. Kufunga ringi mpya kwenye silinda iliyolika si dhambi, ni uwezo wetu ulipofika. Hata gundi kwenye ufa si dhambi ukisema ni gundi. Lakini mzigo wa pili, ule wa kunyamaza, hauhusu pesa. Kusema "silinda imelika" hakuna bei dukani. Mzee wa Mbarara aliuza kitu kizee, kichafu, cha bei ndogo, kwa watu maskini, na hakumdanganya mtu. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba biashara ya maskini lazima iwe ya kufichana.

Hoja ya pili: mnunuzi ana macho. Ndiyo, anayo. Lakini silinda haionekani kwa nje. Kabla hatujafungua injini, sisi na yule mama tulikuwa sawa, wote hatujui. Tulipofungua na kupima, tukajua kitu ambacho yeye hakuwa na njia ya kukijua mpaka mashine imfie shambani. Nadhani ukishajua namna hiyo unadaiwa, hata kama hujaapa. Yule baba alijua ufa. Alipotuambia "nawaachia kama urithi" alijua anatuachia nini.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: sisi tulidanganywa, kwa nini tuwe wa kwanza kulipa? Hapa narudi kwa lile swali, "Nyinyi mnaondoka lini?" Sasa naelewa lilitoka wapi. Lilitoka kwa wanunuzi waliochomwa, mmoja baada ya mwingine. Kila anayeondoka na kuacha gundi anawafanya wale waliobaki wasimwamini anayefuata. Bei ya vitu vya wasafiri inashuka, vya waongo na vya wakweli pamoja, kwa sababu kwa nje rangi ni ile ile. Yule baba hakutuibia sisi sita tu. Aliiba pia kwa katibu wetu, maana siku katibu alipokuwa na safari yake na kitu cha kuuza, mnunuzi alikuwa ameshajifunza kuogopa. Kama tungemficha yule mama, tungempokonya mtu mwingine ambaye hata jina lake hatulijui, atakayekuja kuuza kesho.

Na hapa kesho ipo. Nakivale ilifunguliwa 1958 kwa Wanyarwanda waliokimbia. Wengi wao walirudi kwao baada ya 1994. Tukaja sisi Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Watu wanapita, lakini shamba linabaki, na mashine inabaki kwenye shamba. Sisi wote tunalimia vitu vilivyoachwa na mtu.

Haya yote ni mazuri kuyaandika. Lakini msomaji, nisikudanganye na wewe. Siku ile sikufikiri hata moja ya haya. Nilisema kweli kwa sababu kijana mmoja alikuwa ananitazama. Kama angekuwa ameenda kuchota maji, sijui. Nilikuwa na pete, na kijana yule aliifanya isifanye kazi. Labda hilo nalo ni jibu kidogo. Plato aliuliza mtu atafanya nini asipoonekana. Mimi naona anayetukamata tukikosea si lazima awe mkubwa. Anaweza kuwa mdogo aliyeshika spana, ambaye hatakushtaki popote. Atafanya tu kama ulivyofanya, miaka kumi baadaye, kwa mtu mwingine.

Trekta bado tunayo. Inatoa moshi wa bluu na inakula oili kama alivyosema mzee. Tumeanzisha daftari linalokaa kwenye boksi la spana. Mstari mmoja: kilichotengenezwa, tarehe, bei. Mstari wa pili: kisichotengenezwa. Yule kijana ndiye anayeliandika. Siku tukiuza, daftari linakwenda na mashine. Kama unauza kitu na unasafiri, nakuomba ufanye hivyo hivyo, hata karatasi moja tu.

Shamba la bibi ya katibu tunalilima kwanza kila msimu, bila malipo. Watu wanatusifu. Lakini mahindi si dawa ya presha, na miezi mingine anaikosa. Namwandikia katibu, namtumia picha za shamba. Anaziona, hajibu.

Na kuna jambo moja halimo kwenye daftari. Bibi hajui. Anafikiri tunamlimia kwa upendo tu. Kila mavuno ananishika kichwa ananibariki, na mimi nainama napokea. Sijawahi kumwambia kwamba kulikuwa na 250,000 zilizotaka kuwa zake, na kwamba mimi ndiye niliyefungua mdomo. Nilimwambia mgeni wa Kabazana ukweli wa silinda, lakini mama yetu huyu nimempaka rangi ya kijani. Yeye hasomi, ila watoto wa jirani wanasoma, na watamsomea. Kwa hiyo kabla toleo hili halijafika kwenye mlango wake, lazima nifike mimi.